Nyuki Hawaambiwi Mara Mbili

Marjeta Ravnik alisimama hatua kumi kabla ya kulifikia banda la nyuki la babu yake, akaweka mkono juu ya tumbo lake la miezi saba.

"Inspekta," alisema, "kuna mtu ametutangulia."

Inspekta Apolonia Humar alitazama chini kwanza. Theluji iliyokuwa kati yao na banda ilikuwa haijaguswa. Hapakuwa na unyayo wa mtu wala wa mbweha. Ndipo akainua macho. Mizinga ilipangwa katika safu mbili, kila mmoja na kibao chake cha mbele kilichochorwa picha: Mtakatifu Florijani akizima moto, wanyama wa porini wakimzika mwindaji, shetani akinoa ulimi wa mwanamke msengenyaji. Safu ya chini ilikuwa imefukiwa. Kwenye safu ya juu, kila mzinga ulikuwa umefungwa kitambaa cheusi.

"Nani amefika hapa tangu jana?"

"Hakuna. Jana sikuweza hata kusimama. Leo ndiyo nimepata nguvu ya kuja kuwaambia."

Lenart Bizjak, polisi wa bonde la Ledinje, alivua kofia yake. "Mwenye nyuki akifa, lazima nyuki waambiwe, Inspekta. Unagonga kila mzinga mara tatu, unawaambia bwana wenu amefariki, unafunga cheusi. Usipowaambia, masika hawayaoni."

"Sikutoka mwezini, Lenart. Hata kwetu walikuwa wakiambiwa."

"Basi samahani."

Marjeta alirudi nyuma hatua moja. "Bora nimeviona mapema. Nilikuwa karibu kugonga."

"Ungegonga ingekuwaje?"

"Nyuki hawaambiwi mara mbili. Ukirudia, wanajua unamsema mwingine wa nyumba hiyohiyo, na hilo linakuja kuwa kweli. Babu alitufundisha hivyo tangu tukiwa wadogo." Mkono wake ulikuwa bado tumboni. "Na nyumba yetu imebaki na nani? Mimi na huyu."

Apolonia hakucheka. Alipiga picha sita, kisha akamwambia Lenart achote theluji mbele ya safu ya chini, taratibu, kwa koleo la mkono. Lenart alichimba mpaka magotini. Theluji ilikuwa imeshikana vizuri, tabaka moja juu ya jingine. Mzinga wa kwanza ulipotokea, kitambaa cheusi kilikuwa juu yake, kimeganda kama ubao. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

"Theluji ilianza kuanguka lini?" Apolonia aliuliza.

"Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nafunga minyororo kwenye magurudumu."

"Ikakoma?"

"Jumatatu usiku."

"Na mwili tuliupata lini?"

"Jana Jumanne, saa mbili asubuhi. Rozalija, mtunza kikanisa, alikuwa akifagia ngazi za kikanisa kabla ya misa, ufagio ukagonga kiatu." Lenart aliweka koleo chini. Kisha akafanya ishara ya msalaba.

"Umeona sasa," Apolonia alisema. "Bonde zima limejua Jumanne kwamba mzee Gašper amekufa. Mtu huyu alijua Jumapili, kabla theluji haijaanza."

Gašper Ravnik, mwenye miaka sabini na mbili, ndiye aliyekuwa mtunzaji wa historia ya bonde. Jumapili saa nane mchana alimwambia mjukuu wake kwamba angepita kikanisani, achukue ubao mmoja wa nadhiri, picha iliyotundikwa na mababu kutimiza ahadi kwa Mungu, kisha apande basi la saa kumi aende kwa dada yake mjini. Angelala huko mpaka Jumatano, arudi na ubao wake moja kwa moja mbele ya tume ya ujenzi. Ndiyo sababu hakuna aliyemtafuta. Alikutwa chini ya ngazi za kikanisa, kisogo kimepasuka, theluji imemfunika. Ubao haukuwepo.

Na leo ndiyo ilikuwa Jumatano. Tume ilikaa saa tisa alasiri.

"Marjeta," Apolonia alisema, "naomba ruhusa yako. Nataka kuviondoa vitambaa hivi vyote. Na ninataka tuchafue hii theluji, tuikanyage kanyage. Halafu umwambie yeyote atakayekuuliza kwamba hujafika huku."

"Unataka kuniambia ni nani?"

"Bado sijui ni nani."

Marjeta alisogea kando. "Viondoe. Lakini usigonge."

*

Kituo cha polisi cha Ledinje hakikuwa na chumba cha mahabusu. Boštjan Krulc, meneja wa kampuni ya lifti za kupandisha watelezaji mlimani, alikuwa amefungiwa tangu jana katika stoo ya kikosi cha zimamoto. Watu kumi walikuwa wamemsikia akimwambia Gašper kwamba ubao wake ungefaa kuwashia jiko.

"Umelalaje?" Apolonia alimuuliza.

"Nimelala na pampu ya maji. Inakoroma kuliko marehemu baba yangu."

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema. Nyumbani, natazama mashindano ya kuteleza kwenye televisheni."

"Na nani?"

"Peke yangu. Mimi ni mtu wa Maribor, Inspekta. Huku hata mbwa wananibwekea kwa lafudhi. Ningekaa na nani?"

"Ulisema ubao ule ni wa kuwashia jiko."

"Nilisema, na nilikosea. Lakini kama kila aliyesema upuuzi angekuwa muuaji, huyu Lenart angenyongwa mara tatu."

"Angalia mdomo wako wewe," Lenart alisema.

Apolonia aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nijibu swali moja. Mwenye nyuki akifa, nyuki wake hufanyiwa nini?"

Boštjan alimtazama, akamtazama Lenart, akamtazama tena. "Wanauzwa?"

Lenart aligeukia ukutani akakohoa.

"Ni mtego huu? Wanapelekwa kwa daktari wa mifugo? Mimi nitajuaje? Asali nanunua dukani!"

"Nionyeshe ramani yako ya ujenzi."

Aliifungua kwenye magoti. Kidole chake kilitua kwenye uwanja mpana wa nyasi chini ya mlima. "Hapa. Bweni la watoto wa shule ya kuteleza thelujini, vitanda themanini. Karibu na kisima cha zamani. Mzee Gašper alidai kwamba zamani za mababu maporomoko ya theluji yalifika mpaka kwenye hicho kisima, na ubao unaonyesha. Tume ikasema, haya, ulete tuuone. Wataalamu wetu hawajakuta alama yoyote, na vitabu vya parokia viliungua wakati wa vita."

"Na picha ya ubao?"

"Hakuna," Lenart aliingilia. "Umetundikwa pale miaka mia moja na arobaini. Nani hupiga picha kitu anachokiona kila Jumapili?"

Apolonia alikumbuka ukuta wa kikanisa. Mbao tisa za nadhiri zilikuwa zikining'inia pale, zilibaki nane. Mojawapo ilikuwa na fremu ya fedha. Mwizi aliziacha zote akachukua ile iliyochorwa vibaya kuliko nyingine.

"Uwanja huo ni wa nani?" aliuliza.

"Leo tume ikitia saini, ni wa kampuni. Isipotia, mkataba umekufa, unabaki kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Ciril Dolžan. Mkataba unasema mwanawe ndiye atakuwa msimamizi wa bweni. Kijana sasa hivi anaosha vyombo hotelini huko Villach, upande wa Austria."

Kwenye ukuta wa stoo, juu ya mipira ya maji, kulikuwa na picha kubwa ya mwaka 1954. Wanaume arobaini walipanda mlima kwa mstari mmoja, waya mzito wa lifti ya kwanza ukiwa mabegani mwao wote kama nyoka asiye na mwisho.

"Kila nyumba inayo," Lenart alisema. "Kabla ya hiyo lifti hapa palikuwa na ng'ombe, nyasi na njaa. Nyasi za mlimani zilishushwa kwa sleji, vigari vya kuburuta thelujini, wakati wa baridi. Babu yangu alikufa chini ya mzigo wake. Halafu wakaja wageni wakilipa ili washuke mlima uleule kwa miguu ya mbao! Bibi alisema watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kifo chetu, wenzetu wamekifanya mchezo."

"Huyu wa mbele ni nani?"

"Mzee Gašper."

"Na huyu anayemfuata?"

Lenart alisogea karibu, ingawa alijua. "Ciril. Hata nyuki walianza kufuga pamoja, hao wawili."

"Nani mwingine anafuga nyuki Ledinje?"

"Siku hizi hakuna. Vijana wanafuga pikipiki."

"Na Rozalija? Ndiye aliyeona mwili, na mila anazijua."

"Rozalija?" Lenart alitikisa kichwa. "Nyuki mmoja akimuuma anavimba kama unga uliotiwa hamira. Hakaribii lile banda hata kwa kulipwa."

Simu ya ukutani ililia. Alikuwa daktari wa hospitali ya mjini aliyepasua mwili. Apolonia alisikiliza, akaandika mistari minne katika daftari lake, akashukuru.

"Hakufa papo hapo," alimwambia Lenart walipotoka nje. "Aliishi nusu saa, pengine na zaidi. Na ile nta ya mshumaa tuliyoiona kiganjani mwake haikumwagikia kwa bahati mbaya. Imezunguka vidole vyote. Alikuwa ameshika mshumaa wima, na mkono ule ulikuwa umeshavunjika kidole gumba."

"Kwa hiyo alishikishwa."

"Alishikishwa mshumaa uliobarikiwa, kama tunavyomshikisha anayekata roho."

Lenart alisimama katikati ya barabara. "Muuaji gani anamsalia aliyemuua?"

"Ndiyo maana nataka umfungulie Boštjan. Huyo hata Baba Yetu hawezi kumaliza."

*

Ciril Dolžan alikuwa akinoa panga la kukatia vijiti kwenye ukumbi wa nyumba yake. Alikuwa na miaka sabini, mabega yake bado mapana.

"Karibuni. Lenart, mbona umekonda? Mkeo amegoma kupika?"

"Amenianzishia supu za kabichi tupu, mzee."

"Mungu akusaidie. Mama Inspekta, brandi ya asali?"

"Asante, chai inatosha."

Ndani palikuwa na joto la jiko la vigae. Pembeni kulikuwa na msalaba, na chini yake kishikio cha shaba cha mshumaa. Kilikuwa kitupu.

"Mzee Ciril, habari za msiba ulizipata lini?"

"Jana. Kengele ya mauti ililia mipigo tisa, nikajua ni mwanamume. Nikamuuliza jirani."

"Jumapili mchana?"

"Nililala. Baada ya chakula mzee analala, mama. Ni mapenzi ya Mungu."

"Kuna wa kushuhudia?"

"Mke wangu alikuwa kwa dada yake. Paka alikuwepo."

Lenart alitabasamu. Apolonia hakutabasamu.

"Ulimwona Gašper mara ya mwisho lini?"

"Jumamosi. Ijumaa tulikuwa tumegombana kidogo, nisikufiche. Juu ya uwanja wangu. Alisema nitawalaza watoto wa watu kaburini. Nikamwambia, wewe mjukuu wako yupo mezani kwako, mwanangu anakula peke yake nchi ya watu. Akavaa kofia akaondoka. Kesho yake asubuhi aliniletea mtungi wa asali. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukigombana, miaka sitini."

"Mshumaa wenu uko wapi?"

Jibu lilikuja upesi mno. "Umekwisha."

"Mishumaa ya bonde zima imebarikiwa wiki mbili tu zilizopita, kwenye sikukuu yake."

"Jumapili upepo ulivuma vibaya. Tunauwasha upepo ukivuma. Kwenu hamuwashi?"

"Tunawasha," Apolonia alisema. "Kipande kinachobaki tunakihifadhi."

Ciril alipitisha kidole kwenye makali ya panga. "Kwenu mna mishumaa mirefu."

Lilikuwa jibu zuri. Mbele ya hakimu lingetosha. Apolonia alitazama saa yake: saba na nusu mchana. Alikunywa chai yake yote, akasimama, kisha akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo mlangoni:

"Nina ombi, si la kipolisi. Marjeta anataka nyuki wa babu yake waambiwe, na maneno yote hayajui. Amesema umebaki wewe peke yako unayeyajua."

Panga lilitulia.

"Bado hawajaambiwa?" Ciril aliuliza.

"Nani angewaambia?"

Mzee alivaa viatu. Alizifunga kamba, akazifungua, akazifunga tena.

*

Marjeta aliwangoja mbele ya banda, mkononi ana vipande vya kitambaa cheusi alivyovikata kwenye bitana ya koti la babu yake. Theluji ilikuwa imekanyagwa kila upande. Mizinga yote, ya juu na ya chini, haikuwa na kitambaa.

Ciril aliitazama safu ya juu. Akainama, akaitazama ya chini. "Upepo..." alianza, akaacha.

"Upepo umefanyaje, mzee?" Apolonia aliuliza.

"Ulikuwa mkali, nasema."

"Baba," Marjeta alisema. Ciril ndiye aliyemsimamia ubatizo wake, na Marjeta hakuwahi kumwita jina lingine. "Anza na huu wa Florijani. Babu alikuwa akianza na huu."

Mzee alivua kofia. Alikipokea kipande cha kitambaa, akasogea, akakunja kidole cha kati, akauinua mkono wake mpaka ukawa upana wa vidole viwili kutoka kwenye kibao. Ndani ya mzinga kulisikika mvumo mdogo sana, wa nyuki waliojikunja pamoja kwa baridi.

Mkono ulibaki pale. Lenart alikadiria baadaye kwamba ulibaki dakika nzima.

"Gonga, baba."

"Wewe nenda nyumbani, mwanangu. Baridi kali."

"Nitakwenda ukimaliza."

"Nenda nyumbani kwanza!"

"Kwa nini aondoke?" Apolonia aliuliza. "Ni desturi tu. Wagongee mara tatu, useme maneno, twende zetu."

Ciril alimgeukia Marjeta. Alilitazama tumbo lake, akarudisha macho kwenye mzinga, akaushusha mkono.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu wameshaambiwa."

Marjeta ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo. "Waliambiwa lini, baba?"

"Jumapili," alisema Ciril Dolžan, akaweka kofia yake kichwani, kisha akaivua tena. "Nilimkuta ngazini, ameubeba ubao kwapani. Nilitaka aniachie tu. Siku tatu, nikamwambia, uufiche siku tatu. Akavuta, nikavuta. Nikamshinda. Naye akaenda chini."

"Alikuwa hai," Apolonia alisema.

"Alikuwa hai."

"Kutoka ngazi zile mpaka nyumba ya padri ni hatua sitini. Nimezihesabu. Padri ana simu. Nyumba yako iko mbali zaidi, nawe ulikwenda huko ukaleta mshumaa."

"Mshumaa nilikuwa nao. Nilikwenda kikanisani kuuwasha kwa ajili ya mwanangu." Akamgeukia Marjeta. "Gašper aliniambia nisiondoke. Alinishika mkono akasema, Ciril, usiniache. Nikasali naye rozari nzima."

"Alisema hivyo?"

"Mungu ni shahidi."

Apolonia aliyaandika maneno hayo. Baada yake aliweka alama ya kuuliza, akaipigia mstari. Shahidi huyo hakuwa wa kuitwa mahakamani.

"Ubao uko wapi? Umeuchoma?"

Mzee alionekana kushangaa kweli. "Mama wa Mungu yumo ndani yake. Nani angemchoma Mama wa Mungu?"

Ulikuwa darini kwake, chini ya nyasi, umefungwa katika kitambaa safi cha meza. Lenart aliushusha kwa mikono miwili. Juu, Bikira Maria kati ya mawingu, jicho moja kubwa kuliko jingine. Chini yake ulimi mweupe ulishuka kutoka mlimani ukavuka uwanja, na ncha yake ilikuwa imemeza nusu ya kisima. Kando ya kisima mchoraji aliweka misalaba kumi na tisa ya rangi nyekundu. Saba ilikuwa midogo.

Saa tisa kasoro dakika tano Marjeta aliingia katika ukumbi wa zimamoto, akauweka ubao juu ya ramani, mbele ya wajumbe wanne. Boštjan Krulc aliinama akaitazama misalaba midogo. Aliikunja ramani yake mwenyewe, bila kuambiwa. Mwenyekiti wa tume alirudisha kifuniko kwenye kalamu.

Nje, Ciril alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha gari la polisi, mlango wazi, Lenart kando yake. Marjeta alipotoka, alimwita.

"Mwanangu. Nyuki wangu. Mke wangu anawaogopa."

Marjeta alisimama hatua kadhaa kutoka kwenye gari. "Nitawatunza."

"Watakuwa wakinisubiri masika."

"Nitakwenda kwao kesho," alisema. "Niwaambie nini?"

Mzee alifungua mdomo. Apolonia alingoja na daftari lake likiwa wazi. Alipoona hakuna litakalotoka, alilifunga, akaufunga na mlango wa gari.